Badilisha Mkono: Kumuaga Mama Ciakuthii wa Chumba cha Viungo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Ciakuthii wa chumba cha viungo anastaafu tarehe 31 Desemba 1959. Mwezi uliopita niliombwa niandike wasifu wake, nikauandika, ukawa mzuri wenye mizaha ya kutosha. Jumatatu iliyopita niliuchana. Huu nimeuandika upya kabla akili haijanirudia sawasawa, na wenzangu wote wa hospitali hii ya misheni hapa juu ya Manyatta wako katika hali hiyo hiyo. Sababu nitaieleza mwishoni, kwa maana bila ya mwanzo hamtaielewa.

Mama Ciakuthii ni mzaliwa wa Gachoka. Alikuja kwetu mwaka 1930 kufua mashuka. Bibi mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa kukanda viungo, alimwona anavyokamua shuka zito, akasema mikono ile inapotea bure kwenye karai. Akamfundisha kazi yake kabla ya kurudi kwao. Tangu hapo kila mwenye baridi yabisi katika wilaya hii, na wengine wa mbali, amepita mikononi mwa Mama Ciakuthii, na wengi wametoka wakimnung'unikia.

Walinung'unika kwa sababu hakuwaonea huruma waliyoitaka. Mtu aliyefika akitarajia kulala kitandani na kufunikwa blanketi alisimamishwa asubuhi hiyo hiyo. Goti likiwa limevimba na kuwaka moto, alilipumzisha. Likipoa tu, alilipa kazi: kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, mpaka maji ya moto ya chumvi yapoe ndani ya beseni. Aspirini alitaka imezwe baada ya chakula, na aliyesema amekula aliulizwa amekula nini. Daktari mwenyewe alikuwa akipita mlango wake kwa kunyata ili asiambiwe anyooshe mgongo.

Kuna mzee Hersi, mfanyabiashara wa Meru mjini, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata kufuli ya duka lake hakuweza kuifungua. Mama Ciakuthii alimpa donge la unga wa ngano, akamwambia alifinye ndani ya maji ya moto kila asubuhi, kisha alitupe. Hersi akaona ni dhambi kutupa unga. Akawa analipika lile donge na kulila, na siku moja akamletea kipande ili aonje. Vidole vilipona kiasi cha kufungua kufuli, na mpaka leo kila Krismasi, ambayo si sikukuu yake, Hersi huleta gunia la sukari kwa lori lake.

Lakini jambo lililompa jina ni fimbo. Mtu akiumwa goti la kulia, Mama Ciakuthii humtaka ashike fimbo kwa mkono wa kushoto, na akiumwa la kushoto, aishike kwa kulia. Fimbo ikiwa upande mzima, uzito wa mwili huliondokea goti bovu. Ni jambo dogo, ila kwa wazee wetu lilikuwa gumu kuliko dawa chungu. Fimbo ya mzee hushikwa kwa mkono wa kulia, ndiyo heshima yake, na atakayempokea mzee kitu kwa mkono wa kushoto amekosa adabu. Mzee Kiambi, mgonjwa wake wa miaka mingi, aligoma mwezi mzima. Kila alipopita, sauti ilimfuata kutoka dirishani: "Badilisha mkono, mzee!" Mwishowe akabadilisha, akatembea hadi sokoni na kurudi, na hakumsemesha Mama Ciakuthii wiki nzima kwa hasira ya kushindwa.

Ndipo mwaka 1952 ikaja Hali ya Hatari, Serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu wakahamishwa mashambani mwao, wakasongamanishwa katika vijiji vyenye ukuta wa miti iliyochongwa, na kila asubuhi filimbi ikilia wanatolewa kwenda kuchimba handaki kando ya msitu. Mgonjwa na mkongwe waliachwa, lakini aliyeamua nani ni mgonjwa alikuwa Mbae, mkuu wa homgadi, wale walinzi wenye bunduki za Serikali, wa kijiji cha karibu nasi.

Mwaka 1955, Mbae alisimama langoni akitazama wazee wanaochechemea, akagundua jambo. Kila mmoja ameshika fimbo upande usiouma! Kwa akili ya Mbae, nguzo huwekwa pale ukuta unapolalia. Anayeumwa kweli atashika fimbo upande wa maumivu, kwa hiyo hawa wanadanganya. Na kwa kuwa wanadanganya wote kwa namna moja, lazima wamefundishwa na mtu mmoja. Na mtu anayefundisha watu ishara ya siri siku zile, wakati kiapo cha watu wa msituni kinatafutwa hata ndani ya vyungu, alikuwa na jina moja tu: mlishaji kiapo.

Mpaka leo nikikumbuka nabaki mdomo wazi. Wazee wote wa fimbo walipewa majembe na kupelekwa handakini. Mama Ciakuthii alichukuliwa kutoka chumba cha viungo akiwa na beseni mkononi, maji yakamwagika mpaka mlangoni. Akafungiwa kibandani kwenye kituo cha homgadi, sakafu ya udongo mbichi, akingojea lori la kumpeleka kizuizini kama mlishaji kiapo. Daktari alikwenda kumtetea, akaambiwa arudi kwenye sindano zake. Sisi wengine, niseme kweli, tuliogopa hata kupita njia ile.

Sasa sikieni. Mbae mwenyewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori, goti lake la kulia likawa kama boga. Kila asubuhi alipita mbele ya kile kibanda akiburuta mguu, fimbo kwa mkono wa kulia, akiguna. Mama Ciakuthii alimsikia siku ya kwanza akanyamaza, siku ya pili akanyamaza. Ya tatu uvumilivu ukamwishia. Mtu yeyote mwenye akili angemwacha aumie. Yeye akaweka mdomo kwenye ufa wa ukuta, akamwambia: "Mbae, mwanangu, hiyo fimbo badilisha mkono. Unaumiza goti bure." Mbae akafoka kama amemwagiwa uji wa moto, akauliza kama huyu mama anataka kumlisha kiapo akiwa ndani ya kifungo.

Maumivu lakini hayajui cheo. Alijaribu akiwa peke yake nyuma ya nyumba, akaona nafuu, akajaribu tena. Asubuhi moja akajisahau, akatokea mbele ya vijana wake gwarideni, fimbo mkono wa kushoto, anatembea vizuri kuliko mwezi mzima uliopita. Vijana wale alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe maana ya ishara ile. Mmoja akapuliza filimbi, wawili wakamrukia, wakampokonya bunduki, wakamfungia kwenye kibanda cha pili.

Bwana DO, ofisa wa Serikali wa tarafa, alipofika alikuta mkuu wake wa homgadi yuko ndani kwa kosa la kutembea vizuri. Ili ajiokoe, ilimbidi Mbae asimame mbele ya kijiji kizima na kukiri kwamba fimbo upande ule ni dawa, si kitu kingine, na kumtaja aliyemfundisha. Mama Ciakuthii akatolewa siku hiyo hiyo, na wazee wakarudishwa kutoka handakini.

Hawakurudi kama walivyokwenda. Mzee Kiambi alirudishwa amebebwa kwenye machela. Magoti yaliyotunzwa miaka mingi kwa maji ya moto yalikuwa yamekwisha, na tangu siku ile hajasimama tena. Hukaa barazani petu kila siku, fimbo yake imeegemezwa ukutani karibu naye, kavu, haina kazi. Na Mbae? Huyo alikuja kutibiwa! Akaketi kwenye benchi moja na wale aliowapa majembe. Mimi ningemmwagia beseni lote. Mama Ciakuthii alimweka mwisho wa mstari kama mtu aliyefika mwisho, na zamu yake ilipofika akalikanda lile goti kama magoti mengine. Niliona kwa macho yangu na bado siamini.

Basi Jumatatu iliyopita, Mama Ciakuthii aliingia langoni akijishikilia ukutani. Hatua moja, anasimama. Hatua ya pili, anasimama. Wafanyakazi wote tuliduwaa uani. Ni nyonga yake ya kulia. Imemuuma tangu ile sakafu mbichi ya kibandani, miaka minne, na miaka hiyo yote ameinua miguu ya watu, amebeba maji ya watu, ametufokea sisi tusiinamishe migongo, na hakuna hata mmoja wetu, tunaojiita watu wa hospitali, aliyemwona. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Aliyeona alikuwa Mzee Kiambi, kwa sababu yeye hana kazi ila kutazama watu wanavyotembea. Aliichukua fimbo yake ukutani, akamnyooshea. Mama Ciakuthii, kwa heshima, akanyoosha mkono wa kulia apokee. Mzee akairudisha fimbo nyuma. Mama akanyoosha tena, machozi yakimtoka sasa, na mzee akairudisha tena.

"Badilisha mkono, mama," akasema.

Akabadilisha. Akapokea kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu.

Mama Ciakuthii, tunakushukuru kwa magoti, migongo na vidole vya wilaya hii, na utusamehe kwa macho yetu. Nenda Gachoka kwenye jua, ukakandwe nawe, aspirini yako umeze baada ya chakula. Tutakuja kukuuliza umekula nini. Tunakutakia siku njema na njia isiyo na mlima.

Murithi, dresa wa chumba cha vidonda