Pasi ya Kipindi cha Nne

Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu cha viatu, na kila asubuhi unabeba watu wanne na birika la kahawa bila kulalamika. Mimi nashona soli huku nikisikiliza upuuzi. Yuko Mawimbi, fundi redio wa duka la pili, mwenye podikasti yake iitwayo Usitupe Bado, ya kufundisha watu kutengeneza vitu vya nyumbani. Yuko Bi Takwimu, muuza vocha, asiyeweza kusema neno bila namba. Na yuko Shemeji, mpaka rangi, aliyeoa mtaani hapa na kwa hiyo ni shemeji wa kila mtu. Mawimbi alikuwa ameapa: kipindi cha sita kikikosa watu, anafunga. Leo alikuja mbio, kamba za viatu zinaburuta, simu ameishika kwa mikono miwili.

MAWIMBI: – Sitini na tatu. Someni wenyewe. Sitini na tatu wamesikiliza mpaka mwisho.

BI TAKWIMU: – Lete nione. Kweli bwana. Mwanzoni walikuwa wanaingia arobaini, dakika ya tatu wamebaki watano, na mmoja ni mama yako.

MAWIMBI: – Mama alisinzia, ikaendelea yenyewe.

SHEMEJI: – Na mbinu alikupa nani? Sema mbele ya watu.

MAWIMBI: – Wewe, Shemeji.

SHEMEJI: – Nilikwambia katiza penye utamu. Kipindi cha nne umewafungulisha watu pasi, ukasema kufunga tutaona wiki ijayo. Cha tano ukaja na feni. Cha sita, kitasa. Wamenasa hao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

MIMI: – Hiyo si inakupinga?

SHEMEJI: – Haijanipinga, imenipita tu.

BI TAKWIMU: – Sasa usiwaache hivi hivi. Msikilizaji asiye na jina ni mpita njia. Wape jina, wape na namba. Mimi nitasajili.

SHEMEJI: – Ukoo wa Bisibisi.

MAWIMBI: – Hilo nimelipenda.

BI TAKWIMU: – Sitini na tatu, kila mmoja alete wawili, na hao walete wawili. Mwaka ukiisha wamezidi watu wa mji huu. Itabidi tuazime wa mji jirani.

SHEMEJI: – Tunawaita uwanjani, kila mtu na bisibisi yake. Mawimbi anasema fungua, uwanja mzima unafungua. Hapo wanasiasa watakuja wamepiga magoti.

BI TAKWIMU: – Ila angalieni hapa. Wengi wanasikiliza saa nane mchana, saa ya kazi. Hao wametumwa. Hao ni wa kiwanda cha pasi.

MAWIMBI: – Kunipeleleza mimi?

SHEMEJI: – Wewe tena. Watu wakijua kutengeneza, mpya atanunua nani? Watakuajiri halafu wakukamate. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

MIMI: – Mwana kaingiaje hapa?

MAWIMBI: – Jamani, mimi nataka mmoja tu. Mmoja aniambie, Mawimbi, nimekusikia. Vipindi sita naongea na ukuta wa duka.

Nilimwonea huruma, nikaacha sindano ndani ya soli.

Ndipo akasimama mbele yetu mwanamke mwenye aproni ya kufulia na mfuko mzito mkononi. Alikuwa anapita, akarudi nyuma hatua mbili.

MWANAMKE: – Samahanini. Hiyo sauti naijua. Si wewe wa Usitupe Bado?

Sote tulisimama. Shemeji akampa kikombe chake mwenyewe, ingawa kilishafika nusu.

MAWIMBI: – Ndiye mimi, dada. Kumbe unasikiliza?

MWANAMKE: – Kila kipindi, mpaka mwisho. Mtaani kwetu tuko kumi na mmoja. Tuna kundi kwenye simu, na Jumamosi tunakutana.

Bi Takwimu akaandika kumi na moja kiganjani. Mawimbi alikuwa anacheka peke yake.

MAWIMBI: – Na kundi mmeliitaje?

MWANAMKE: – Tumefungua Tunasubiri.

Akamwaga mfuko wake juu ya benchi. Kitako cha pasi, mpini, waya, na skrubu ndani ya kifuniko cha chupa.

MWANAMKE: – Mimi ni dobi, kaka. Wiki mbili hizi napiga pasi ya kuazima. Hii nimeifunga mara tatu, na kila mara inabaki skrubu moja, hii fupi. Inakaa wapi?

Tuliinama wote. Shemeji alianza na wahenga, akaishia njiani. Bi Takwimu akahesabu skrubu, zikawa saba, na hiyo haikusaidia kitu. Mawimbi aliingia dukani kwake, akarudi na pasi ya kipindi, imefunguka vilevile, na skrubu mbili mkononi.

MAWIMBI: – Mimi zilibaki mbili, dada. Ndiyo maana nikaja na feni.

Nilidhani dobi atamtupia kile kitako. Lakini alimsukuma Shemeji kwa kiwiko, akakaa, akatoa simu, akatuma sauti kwenye kundi lao.

DOBI: – Jamani, nimempata. Na yeye kafungua, anasubiri. Njooni na pasi zenu.