Mikono ya Mama Shamimu Haikutaka Kupumzishwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Nuria wa Chapwa, hapa Tunduma. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Shamimu, mpika chapati wa kwenye foleni ya malori. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua homa ya mapafu kwa muda mfupi.

Bi Nuria alizaliwa Kondoa. Tunduma aliletwa na ndoa, maana mumewe, Mzee Sufiani, alikuwa dereva wa masafa marefu. Mume akiwa njiani, mke yuko jikoni. Madereva wetu walimwita Mama. Wa Zambia walimwita Bamayo, na ni mama vilevile. Chapati zake zilikuwa laini, zinachambuka zenyewe.

Kisha maumivu yakaja. Yalianzia vidoleni, yakapanda kwenye viwiko, yakashuka magotini. Baridi yabisi, ndivyo alivyoambiwa hospitali. Asubuhi za mwezi wa sita, na baridi ya huku mnaijua, vidole viligoma kukunjuka. Alivitia kwenye maji ya uvuguvugu, akasubiri vilegee, ndipo akakanda unga. Wateja hawakujua.

Aliyejua ni binti yake, Shamimu. Siku moja alimkuta mama yake analia juu ya unga. Akabeba karai, kibao na chuma cha chapati, akavipeleka kwake, mtaa wa pili. "Mama, umepika vya kutosha. Sasa utakula vya kupikiwa."

Alisema kwa mapenzi, wasikilizaji. Lakini Bi Nuria alishinda uani, mikono mapajani, na mikono ikazidi kukakamaa. Chakula kikamshinda. Salamu za majirani akazijibu nusu nusu. Mzee Sufiani anasema, "Nyumba ilikuwa kama ina msiba, na hakuna aliyekufa."

Ijumaa moja mchana akajifunga khanga, akajikokota mpaka kwa binti yake.

"Nimekuja kuchukua karai langu."

"Mama, na maumivu je?"

"Maumivu ninayo nikipika, ninayo nikikaa. Ila nikipika, nina watu pia."

Shamimu akasema, "Haya. Lakini kukanda hukandi tena. Nani atakanda?"

"Mimi," ikajibu sauti mlangoni.

Alikuwa Mzee Sufiani. Udereva alikwisha kuuacha, na siku hiyo alimfuata mkewe nyuma nyuma, akihofia asije akaanguka. Mama na binti walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee yule hata chai alikuwa hajui kuchemsha!

Kesho yake kazi ikaanza. "Sufiani, huo ni unga, si udongo wa tofali!" Madereva walijaa kumtazama mwenzao wa zamani. Mzambia mmoja alitafuna, akatafuna, akasema, "Bamayo, hii ya leo nitaifunga kwenye tairi." Bi Nuria akacheka hadi machozi.

Mzee akajifunza. Akakanda vizuri, tena akajisifu. Bi Nuria alikaa pembeni ya jiko, kwenye joto, akisukuma chapati vidole vikikubali, akigeuza tu vikikataa. Siku mbaya alisema wazi, "Leo siwezi," na kazi haikusimama. Miaka yote iliyobaki waliishi hivyo. Maumivu hayakuisha, wasikilizaji. Hayakuisha. Ila hakuyabeba tena peke yake.

Shamimu ametuambia, "Nilidhani namwonea huruma. Kumbe nilikuwa namnyang'anya watu wake."

Juzi matanga yalianuliwa. Jana Mzee Sufiani aliwasha jiko. Anasema nyumbani kimya kinamtisha, na madereva wanamuulizia.

Mzee Sufiani, Shamimu, na ndugu zetu wote wa Chapwa na Kondoa, poleni sana. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Amjaalie mama yetu raha isiyo na maumivu.

Nawe unayetusikiliza, pengine nyumbani kwako yupo anayeumwa viungo na bado anaamka kwenda kwenye shughuli zake. Usikimbilie kumwambia akae. Muulize kwanza, "Nikushikie wapi?"