Octave Kisimba, Aliyewakatalia Wawindaji Mwezi wa Tano

Ndugu zangu mliokuja kutufariji, mimi ni Lambert, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake bila kuruka, hata pale tulipoombwa turuke.

Octave alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Kalemie, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Lubumbashi mwaka 1981, na tarehe 5 Agosti 1989 akamwoa Jocelyne, wakajaliwa watoto wawili, Gradi na Murielle.

Mwaka 1997 alifika Johannesburg, akalinda karakana Jeppestown, kisha mwaka 2003 akaajiriwa kuongoza wawindaji katika shamba la wanyama huko Limpopo, akawa anarudi kwake Joubert Park kila mwisho wa mwezi.

Mwezi wa tano swala pala hupandana, madume hunguruma, husahau kula na husahau hatari, hata mwindaji asiyejua kulenga huwapata, na ndiyo sababu Octave hakumpeleka mtu porini hadi Juni, majike wakishashika mimba. Mgeni mmoja alipofoka, Octave alimuuliza kama yeye angekubali kupigwa risasi asubuhi ya harusi yake, kabla hajamwona bibi harusi.

Kwa swali hilo alifukuzwa kazi, Mei 2014. Mwenye shamba, ambaye ametoka Sandton kuja kukaa nasi leo, aliomba tuseme kwamba alistaafu. Hakustaafu. Alirudi Jeppestown kulinda, hadi mwaka 2016, watoto wa swala walipopungua shambani, akaitwa tena, akarudi na sharti lake lilelile, wala hakuomba radhi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, kazi akamwachia Murielle, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa ameagiza kwamba asipigwe swala hata kwa chakula cha msiba wake. Mwenye shamba alijitolea kutuletea wawili, tukamshukuru, Murielle akakataa, kwa hiyo leo mtakula bugali na maharagwe, na atakayeuliza nyama iko wapi aambiwe bado iko kwenye harusi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Joubert Park waliolala nasi sakafuni, walinzi wenzake wa Jeppestown, na waongozaji wa shambani, ambao hawakuja kwa sababu wanalinda madume.

Kaka, wananguruma hadi sasa, na hakuna aliyewagusa. Pumzika kwa amani.