Kiti cha Mama Tryphosa Kisikaliwe

Leo, tarehe 30 Juni, Bi. Tryphosa Nyanchoka anastaafu baada ya kulitumikia soko la Riamasese miaka thelathini na minne, mingi yake akiwa msimamizi. Wafanyakazi wenzake wameniomba mimi, mjukuu wake Joyline, niandike ukurasa huu. Nimekubali kwa sharti kwamba utasomwa na mshereheshaji wetu, Bwana Anyona. Mimi mbele ya watu hata salamu hunikwama.

Alianza kama karani wa langoni. Wanaomkumbuka wanasema alijua kila mama anakaa wapi, na anakaa na nani. Wakati huo vibanda havikuwepo. Mama akienda kujifungua au kuzika, alitandika leso mahali pake, na jirani akamuuzia mali yake. Hakuna aliyethubutu kuikanyaga.

Kisha vibanda vikajengwa, na Magokoro, ndivyo ninavyomwita bibi yangu, akafanya kosa ambalo hulisimulia mwenyewe. Aliwagawia watu vibanda kwa kura, asije akaambiwa amependelea. Kura ilikuwa ya haki kabisa, na ikawatawanya majirani wote. Mama Nyamusi wa ndizi akajikuta katikati ya wauza viatu. Alipojifungua, ndizi zilioza chini ya leso yake. Wauza viatu hawakuwa na ubaya. Hawakujua tu kwamba leso ile ilikuwa ombi. Kufikia Krismasi akina mama wengi walikuwa wamerudi kuuzia barabarani.

Magokoro aliita mkutano, akasema amekosea, akaifuta kura. Safari ya pili kila kundi la majirani lilituma mtu mmoja, akawachukulia vibanda vinavyofuatana. Soko likajaa.

Wengine wangeishia hapo. Yeye alitaka kujua kwa nini wanaopanga miji huhesabu vibanda na kusahau majirani. Akarudi darasani: shahada ya kwanza wakati wa likizo, halafu ya uzamili. Sasa ameomba kusomea uzamifu katika masomo ya miji na sera za jamii.

Siku ya kupeleka maombi, kijana wa mapokezi ya chuo kikuu alimwambia, "Mama, mwenye kuomba aje mwenyewe." Akajibiwa, "Mwenyewe ndiye huyu. Nipe kiti." Mwaka jana walimkataa, wakasema mada yake haijakomaa. Ogari, mlinzi wa lango la soko, akaanza kumwita Daktari wa Ndizi. Magokoro hakununa. Aliandika pendekezo lote upya, na akamtuma huyo huyo Ogari amwitie wauza viatu awahoji.

Alipoitwa kwa mahojiano, tulifanya mazoezi nyumbani, na profesa nilikuwa mimi. Niliambiwa nisimhurumie. Nikamuuliza, kwa hii sauti yangu ya kunong'ona, kama umri wake si wa kupumzika. "Uliza tena, kwa nguvu," akasema. "Hao hawatakuja kuninong'onezea." Niliuliza mpaka siku moja nikajikuta nimepiga meza. Sijui nani alishtuka zaidi.

Mahojiano yenyewe ni leo saa nane mchana, mjini Kisii. Aliomba yasogezwe, akaambiwa nafasi nyingine ni mwaka ujao. Kamati ikataka kuahirisha sherehe. Akasema ng'ombe ameshachinjwa, watu wale. Kwa hivyo zawadi zitatolewa kabla ya chakula, na saa saba ataondoka. Tafadhali, msimshike mkono kwa hadithi ndefu. Mnajifahamu.

Akishasimama, Mama Nyamusi atatandika leso kwenye kiti chake. Asikikalie mtu, hata awe mheshimiwa. Keki itamngoja, akubaliwe asikubaliwe. Wakimkataa tena, ameshaniagiza niweke meza tayari, tuanze mazoezi upya.

Asante, Magokoro, kwa niaba ya soko zima. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kusoma. Nenda ukawajibu kwa nguvu. Mahali pako tunakushikia.