Marehemu Tomaso Urakawa Tetsuji, Mkufunzi wa Mbwa wa Sotome

Tomaso Urakawa Tetsuji alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 huko Sotome, Nagasaki, akabatizwa siku ya nane. Alimaliza sekondari mwaka 1969, kisha akajifunza ukufunzi wa mbwa mjini Isahaya. Kuanzia mwaka 1983 polisi walimwita mara kwa mara, yeye na mbwa aliowalea nyumbani, kutafuta watu waliopotea.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Iwasaki Tazuko. Mungu akawajalia binti mmoja, Sachie.

Novemba 1995 walifika watu waliokuwa wakitengeneza filamu ya mapambano kuhusu mbwa wa polisi. Walimtaka Suzu, jike lake bora. Mwongozaji aliomba mbwa akifika kijitoni asimame, ageuke amtazame bwana wake, ili uso uonekane vizuri. Tetsuji alimfundisha kwa vipande vya jibini, zaidi ya mara thelathini.

"Mbwa anakula jibini, mimi mkeo dagaa," Tazuko alimtania.

"Basi na wewe geuka unitazame."

Tarehe 9 Februari 1996 aliitwa kumtafuta Mizoguchi Kinu, bibi wa miaka themanini na moja aliyepotea mlimani. Suzu alifuata harufu hadi kijitoni, akasimama, akageuka. Tetsuji akawaambia polisi kwamba harufu imekatikia majini, nao wakatafuta kwa kufuata mkondo. Asubuhi bibi alikutwa ng'ambo, hatua mia mbili tu, ameuawa na baridi.

Julai aliipeleka familia kuona filamu ile. Suzu aliposimama kijitoni na kugeuka, Tetsuji alielewa. Aliinuka akatoka nje. Hakumkemea Suzu kamwe. "Alifanya nilichomfundisha," alisema. Kesho yake alikwenda kwa binti wa yule bibi, Mizoguchi Fusae, akamweleza yote.

"Ungenyamaza nisingejua," Fusae alisema.

"Ningejua mimi, dada."

Akafungiwa mlango. Tangu hapo, kila tarehe 9 Februari alikwenda kufagia kaburi la bibi yule. Hata mwaka huu alikwenda, akiwa ameshikwa mkono.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Januari mwaka huu wa 2019. Tarehe 30 Mei Fusae alikuja hospitalini na biwa, yale matunda madogo ya manjano.

"Sijakusamehe, Mzee Urakawa," alisema. "Lakini kaburi la mama ni safi."

Akammenyea tunda moja. Tetsuji alilila lote, ingawa siku hizo hakuwa akila kitu. Alipokea mpako wa wagonjwa, akafariki tarehe 2 Juni, alfajiri.

Ameacha mjane Tazuko, binti Sachie, mkwe, wajukuu wawili, na mbwa Kiri wa uzao wa Suzu.

Aliagiza asiombewe peke yake. Ee Bwana, mpe pumziko Mizoguchi Kinu, na baada yake mtumishi wako Tomaso.