Benchi la Mbele: Risala ya Kamati ya Uboreshaji Huduma, Kituo cha Afya Mikwajuni

(Imesomwa na katibu wa kamati, Imakulata, siku ya ufunguzi wa jengo jipya)

KARIBU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mganga mfawidhi wa kituo chetu, viongozi wa kata na vijiji, masheikh, mapadri na wachungaji mliotufungulia shughuli kwa dua na sala, nanyi nyote mliofika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pantoni kutoka ng'ambo ya mto: tunawasalimu, na wakubwa zetu tunawaamkia shikamoo.

Mheshimiwa, wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji wako tumeingoja siku hii, na hatutaficha kwamba tuna la kuponywa. Tumekukalisha mbele, chini ya turubai, kwenye kiti chenye mto, na macho yetu sote yako kwako. Kwetu pwani mgeni hawekwi nyuma. Tunaomba ulishike hilo la kukaa mbele, kwa sababu tutalirudia.

SISI NI NANI

Kamati yetu ni ya watoa huduma na wateja wa kliniki ya tiba na matunzo, pale watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanapopata dawa za kufubaza virusi. Tunakaa meza moja. Mafunzo tuliyopewa yalitufundisha kwamba huduma ikienda kombo usikimbilie kumlaumu mtu, chunguza kwanza utaratibu. Jaribu badiliko dogo, lipime, likifaa lishike, lisipofaa liache. Mpishi yeyote wa shughuli anaijua kazi hiyo: anaonja mchuzi kabla ya kuupeleka barazani.

Sisi siku moja tuliupeleka bila kuuonja.

HISTORIA YA BENCHI

Tatizo la kwanza tulilolishika lilikuwa kusubiri. Wateja wetu walikuwa wakifika alfajiri na kuondoka adhuhuri, maana walipanga foleni moja na wenye malaria, wenye mafua na watoto wa chanjo. Tulijadili, tukaona tufanye uungwana. Mwenzetu Noa, ambaye ni fundi seremala, akachonga benchi zuri la mninga lenye egemeo, tukaliweka mbele kabisa ya baraza, kivulini, karibu na mlango wa daktari. Tukasema mteja wa kliniki yetu akifika asipange foleni. Apite moja kwa moja, akae benchi la mbele, ahudumiwe kwanza. Ndivyo tulivyolelewa, mtu unayemthamini humkalishi uani.

Muda wa kusubiri ulishuka mpaka tukashangaa wenyewe. Tulipewa cheti, tukakitia fremu, tukapika pilau. Siku hizohizo wateja wakaanza kupungua. Nasi, harufu ya pilau haijatutoka mikononi, tukawaita watoro, kama watoto wa shule. Aliyerudi tulimsomea: mficha maradhi kilio humuumbua. Haikutupitia akilini kwamba hawakuwa wakiyaficha maradhi kwetu. Kwetu walikuwa wameyasema tangu siku ya kwanza.

Katika kipindi hicho tulimpoteza Mzee Laurenti, aliyekata mkonge ujana wake wote na kuimba besi kanisani uzeeni. Aliacha dawa kimyakimya. Tulipopata habari zake alikuwa amekwisha kuzidiwa, na hatukumuwahi. Wanawe wameturuhusu tumtaje kwa jina. Mheshimiwa, tunaomba tusimame kidogo kwa ajili yake.

Ahsanteni. Tukae.

HABARI YA MWENZETU

Sasa tunaomba kukusimulia habari ya mwenzetu mmoja. Tutamwita Samiha. Jina si lake, kijiji si chake, wala kazi tutakayoitaja si yake. Ameisikiliza risala hii kabla yako, akaridhia isomwe. Kitu kimoja tu alitukataza kukibadilisha, nacho ni bakuli la uji. Na ninyi wenyeji msijisumbue kumkisia kwa bakuli hilo, maana mabakuli ya namna hiyo yameingia nyumba nyingi humu, na wengi wetu tumeyabeba kwa mikono yetu wenyewe.

Samiha alikuwa mteja wa kuigwa. Yeye na mumewe walipima pamoja, wakaanza dawa pamoja, wakakubaliana kwamba mama mkwe, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, asijue mpaka wao wenyewe wawe tayari kumwambia. Siku ya kwanza ya benchi la mbele alikaa, akaegemea, akalisifu. Alirudi kijijini kwake, Mwera, jua halijawa kali.

Mchana akapata mgeni. Jirani yake, Mama Tahiri, alipiga hodi na bakuli la uji wa mchele wa nazi, limefunikwa kawa.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Tahiri, mama mkwe yupo hapohapo kibarazani. "Nilikwenda kituoni kutibiwa mguu wangu huu, nikakuona. Umepitishwa mbele ya wazee, umekalishwa lile benchi zuri. Nikasema, huyu hali yake si bure. Wasumbuliwa na nini?"

Mheshimiwa, maneno yale hayakuwa na ubaya hata chembe. Kwetu mtu akionekana hospitali hujuliwa hali, na asiyekwenda kumjulia hali mwenzake ndiye anayesemwa. Samiha alijibu kwamba ni presha. Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole kuliko kawaida. Uji Samiha aliunywa wote, kwa kuwa kurudisha bakuli na kitu ndani ni kumvunjia mtu heshima. Anasema mpaka leo hajui kama ulikuwa na sukari.

Mwezi uliofuata alifunga safari ya kituoni, akafika karibu na geti, akawaona wenzake wamekaa mbele na baraza zima linawatazama. Akapita, kama mtu anayekwenda dukani. Akajaribu kuchukulia dawa Tanga mjini, Ngamiani, ambako alijiona hajulikani na mtu. Pantoni, kisha basi, kisha kurudi hivyohivyo. Safari ya kwanza aliiweza. Ya pili ilimshinda, kwa kuwa alikuwa mjamzito na kila alichokula kilirudi. Dawa zikamwishia. Alikuwa akiweka mkono tumboni na kumwomba radhi mtoto ambaye hajamwona.

Sisi huku kituoni tulikuwa tumekwisha kumpa jina la mtoro.

Aliyekwenda kumtafuta ni muuguzi wetu Kristina, baada ya kusikia kutoka Ngamiani kwamba alichukua dawa huko mara moja tu. Alivaa dera kama mgeni yeyote. Alimkuta uani anaunga makuti ya kuezekea. Kristina ni mtu wa milimani, makuti hayajui, lakini alikaa chini, akachukua fito na yeye akaanza kuunga.

"Dada, kwa nini siku hizi huji?"

"Shamba limenibana."

"Kwa nini likubane siku ya kliniki tu?"

"Nauli, sista."

"Na Ngamiani ulikwenda na nini?"

Samiha alilivuta kuti la Kristina, akalitazama, akalifumua lote. "Hili mvua yapita yote," alisema. "Haya, nisikilize. Mie naja kwenu kutafuta dawa. Nyie mwanianika."

"Tumekuanika wapi?"

"Benchini."

Kristina anasema alitaka kujitetea, kwamba benchi liliwekwa kwa heshima. Samiha akamwahi. "Najua ni heshima. Heshima mwafanyiwa nyie msio na la kusitiri. Mie sitaki heshima, nataka foleni. Nikae na wenye mafua, nisukumwe kama wao."

TULICHOKIFANYA

Kristina alipotuletea maneno hayo, Noa akasema, "Nimelichonga mie, nitalivunja mie." Tukamzuia, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa: hata kosa huliondoi kwa pupa. Tulianza na siku moja ya kliniki. Tukaliondoa benchi, watu wote wakachukua namba mlangoni kwa kufuata walivyofika, aliyekuja kwa jino na aliyekuja kwa dawa. Hakuna aliyejua nani ni nani. Lakini kusubiri kukarudi kulekule, wateja wakanung'unika, na walikuwa na haki.

Ndipo tukapanga majalada siku moja kabla, na wale ambao virusi vyao vimefubaa vizuri tukawapa dawa za miezi kadhaa ili waje mara chache. Dirisha la dawa likawa moja kwa wote. Tulijaribu pia kuwakumbusha watu kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja ukasomwa na mtu ambaye haukumhusu, tukaacha kutumia njia hiyo siku ileile. Baadaye benchi la Noa tulilipeleka kliniki ya watoto, na mama yeyote analikalia.

Leo kusubiri si kufupi kama enzi za benchi, hilo tunalikiri. Lakini wengi wa wale tuliowaita watoro wamerudi, na vipimo vya damu vinaonyesha wengi wao virusi vimefubaa. Neno mtoro tumelipiga marufuku humu. Cheti chetu tumekiacha ukutani kitukumbushe.

Samiha alirudi, akachukua namba, akasukumwa kama wenzake, akafurahi. Alijifungua hapa kituoni. Mtoto amepimwa, na mpaka sasa yuko salama. Bado kipimo cha mwisho, kile kinachofanywa baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Ni mwezi ujao, na kinafanyika hapa.

CHANGAMOTO

Sampuli zetu za damu hukaa zikingoja gari linalovuka mto, na wakati mwingine huharibika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanatembea mbali mno, hasa masika. Haya tumeyaandika mara nyingi na tunaamini yamefika.

Changamoto iliyo kubwa imo katika furaha ya leo, nasi tunaomba utuvumilie. Mheshimiwa, jengo hili ulilokuja kulifungua ni zuri. Lina feni, lina maji ya bomba, lina vyumba ambamo mtu anaweza kulia bila kusikika nje. Wafadhili wametujali, na wananchi wamebeba mchanga na kokoto. Tunawashukuru kwa moyo wote, na asije mtu akasema watu wa Mikwajuni hawana fadhila.

Ila ramani yake ilichorwa wakati ule tulipokuwa tunakula pilau. Jengo ni la kliniki yetu peke yake, limekaa mbele ya kituo, limeelekea barabara, lina geti lake peke yake. Na juu ya mlango, nyuma ya kile kitambaa cheupe ambacho ratiba inasema utakivuta baada ya risala hii, kuna kibao chenye jina la kliniki yetu kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye basi.

Samiha alipokwisha kutusikiliza tukimsomea risala, aliuliza swali moja. "Hicho kitambaa kikitolewa, mwanangu nitampitisha wapi?" Tuliahidi kukufikishia wewe.

MAOMBI YETU

Kwanza, tunaomba chombo cha usafiri cha kuvusha sampuli kwa siku zinazojulikana, na pikipiki kwa wahudumu wetu.

Pili, tunaomba jengo hili liwe la wagonjwa wote wa nje, sisi tukiwa ndani yao. Lile geti la pili lifungwe, watu waingie kwa geti moja.

Tatu, na hili ndilo lililotukosesha usingizi: ukate utepe, Mheshimiwa, ingia ndani, tukutembeze kila chumba, tupige makofi na vigelegele. Lakini kitambaa kile tunakuomba usikivute. Kibaki palepale mpaka kibao kiandikwe upya. Tunajua si kawaida mgeni kuombwa aache kufunua kilichoandaliwa kwa ajili yake, na wapiga picha wamekwisha kujipanga. Sisi tuliwahi kufanya jambo la heshima mbele za watu, na tumekueleza lilichotugharimu.

TAMATI

Samiha yumo humu uwanjani. Amekuja kama wengine, amechukua kiti kama wengine, na tulipoomba kusimama kwa ajili ya Mzee Laurenti alisimama. Huenda mtoto uliyemshika shavu ulipokuwa unaingia ni wake, huenda si wake. Tunakuomba usimtafute kwa macho. Kutomjua kwako ndiyo kazi yote tuliyoifanya.

Mwenyezi Mungu akujaalie safari njema ya kurudi, avuke nawe mto salama, na akupe wepesi wa kufanya lililo jema hata likiwa halimo kwenye ratiba. Awarehemu waliotutangulia, awafiche wetu kwa sitara yake.

Tumejiandika hapa chini kwa mpango wa herufi, watoa huduma na wateja pamoja, bila vyeo.

Godlisten, Imakulata, Khurshid, Kristina, Luqmani, Moiz, Noa, Wilfred.

Sisi,
Kamati ya Uboreshaji Huduma,
Kituo cha Afya Mikwajuni.