Kuchi wa Mwisho wa Mama

Mshonaji alipanda basi, akaketi amekunja uso, tenga mapajani, na ndani ya tenga kuku aina ya kuchi, shingo ndefu kama mlinzi wa getini. Muuza mayai, mzee aliyeketi kando yake, akauliza kulikoni.

"Shemeji yangu! Nimelazwa hospitali, huku nyuma kauza jogoo wangu, kaweka wa kisasa. Mbegu aliyoniachia marehemu mama, leo inaangua vifaranga hata siwajui! Huyu ndiye kuchi wa mwisho. Nampeleka kwa mama mdogo, apandwe na jogoo wa mbegu ile ile."

"Punguza hasira, mwanangu. Kuku wote asili yao moja, kuku wa porini. Hata kuchi walikuja na wageni."

"Ndiyo nichanganyiwe tu? Haya, mzee wangu, kwa kuwa na watu asili yetu moja, nikubadilishie mjukuu?"

Abiria waliojifanya wamelala wakacheka. Mzee hakucheka. "Mjukuu wangu ni wa kufikia," akasema taratibu, "na simbadilishi na yeyote."

Mshonaji akalivuta tenga karibu na kifua. "Lakini yeye ulimpokea mwenyewe. Mimi nani aliniuliza?"

Basi likasimama kituo cha mama mdogo. Mzee akamshikia tenga hadi chini, polepole, kuchi asitikisike.